Asubuhi Dada Yangu Aliponikosoa Dua

Tulikuwa wanne chumbani, mtaa wa Waberi. Mimi, dada yangu mkubwa wa tumbo moja, binti yake ambaye nyumba ilikuwa yake, na jirani wetu muuza maziwa ya ngamia, ambaye aliolewa na binamu yetu wa Bura. Majina yao ninayo yote, mpaka ya babu zao, lakini hapa nayaacha.

Dada alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi ukafungwa. Hakuwa ametamka neno tangu atoke hospitali. Binti yake hakuogopa kifo, aliogopa kimya. Aliniuliza, "Habaryar, mama akiondoka bila kutamka shahada, itakuwaje?" Habaryar ni mama mdogo kwetu. Nikamwambia Mungu anasikia hata ulimi uliofungwa, na huu utafunguka. Sikusema kumtuliza, nilikuwa na yakini.

Dua ya asubuhi nilifundishwa na dada huyohuyo, porini, tukikamua mbuzi. Yeye anatangulia, mimi nafuata. Nikikosea, anageuza chuchu ya mbuzi na kunirushia maziwa usoni! Ndivyo nilivyoshika: Allahumma bika asbahna, ewe Mola, kwako tumepambazukiwa. Ukishasema hivyo, siku si yako tena, unaibeba kama amana. Nimezika mume, nimepoteza mifugo kwa ukame, na kila siku niliamka nikaisema, moyo ukakaa mahali pake.

Basi kila baada ya swala ya alfajiri nilikaa kitandani kwake nikaisoma kwa sauti, wengine wakiitikia aamiin. Yeye alitazama ukuta.

"Habaryar, unamchosha bure," binti alisema siku moja. "Hasikii."

"Mbuzi naye hasemi, lakini anajua anayemkamua," nikamjibu.

Asubuhi ninayoisimulia, mawingu ya mvua yalikuwa yamefunika mji, ndani giza kama magharibi, na mimi sikuwa nimelala vizuri. Nikafumba macho, nikaanza: "Allahumma bika amsayna..." Hiyo ni ya jioni, kwako tumefikiwa na jioni. Jirani akaitikia aamiin bila kugundua. Binti pia.

Kitandani ikatoka sauti nzito, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. "As-bah-na."

Nilifumbua macho. Dada alikuwa ananitazama mimi, si ukuta, tena kwa hasira. Mkono wake mzima umekunjika juu ya shuka, kama anayekamua.

Jirani akaniita dada kwa kelele, "Abaayo! Kumbe mgonjwa ni wewe! Mwenzio anajua kumekucha, wewe unatuombea tulale!"

Binti alicheka, akalia, akapiga magoti. "Mama, sema tena."

"Asbahna," alisema, wazi zaidi. Nikaanza upya, sawasawa safari hii, naye akanifuata kwa kusuasua. Tulipomaliza, binti alimtamkia shahada polepole, naye akaisema yote, ulimi mzito, maneno kamili. Tangu hapo binti hakuuliza tena itakuwaje.

Watu husema ni dawa za hospitali. Dawa alikunywa, sikatai. Lakini mimi najua neno gani lilimwamsha.

Kwa hiyo ninyi wa Waberi na Bura mliomjua, kama nimekosea jambo hapa, msiitikie aamiin tu. Nikosoeni. Maziwa usoni nimeyazoea.