Vidonge Vitano kwa Siku

Mdomo wa Perez Auma ulianza kuwasha Jumanne, na mjukuu wake akazaliwa Alhamisi. Kati ya siku hizo mbili alikuwa na nafasi ya kufanya jambo la maana. Akapaka dawa ya meno.

Si kwamba ni mzembe. Perez ni mtu wa kuhakikisha. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye meza ya kuchagulia kahawa katika shamba moja nje ya Ruiru, akitoa punje mbovu katikati ya nzuri, na kazi hiyo humfuata hadi nyumbani kwake Gitothua. Hugusa mtungi wa gesi kabla ya kutoka, hutoka, halafu hurudi kuugusa tena. Watoto wake watano, wote watu wazima, wamezoea kupigiwa simu wakiwa kazini na kuulizwa kama walifunga mlango. Mumewe Jeconia alifariki miaka sita iliyopita kwa ugonjwa ambao Perez aliuona ukija, akasema, na hakuna aliyemsikiliza. Tangu hapo kila jambo hulisema mara mbili.

Kidonda cha mdomo kilikuwa cha zamani kuliko ndoa, kuliko kahawa, kuliko Ruiru yenyewe. Kilimtoka mara ya kwanza akiwa darasa la pili, kwao Siaya. Mama yake alisema homa imetoka, akaweka chumvi, na maneno yakaishia hapo. Kilirudi wiki aliyoacha shule, darasa la saba. Kilirudi siku ya harusi. Kwenye picha zote Perez ananusa maua. Kilirudi kwenye mazishi ya Jeconia, na waombolezaji walidhani ni kulia. Wasiwasi wake ukizidi kiasi fulani, kona ya kushoto ya mdomo huanza kuwasha, kisha malengelenge hutokea, yanapasuka, yanakauka, yanaanguka. Hakuwahi kukiita ugonjwa. Kilikuwa tu kitu chake.

Binti yake wa mwisho, Trizah, alijifungua salama katika hospitali moja mjini Thika. Ijumaa asubuhi Perez alifika na chupa ya uji, kona ya mdomo ikiwa imeshapasuka. Muuguzi mmoja mnene alikuwa anazungumza na akina mama wote wa wodi kwa pamoja, kama mtu anayetangaza mnada.

"Mtu yeyote mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto, asimshike! Awe nyanya, awe mchungaji! Kwako wewe ni kakidonda. Kwa mtoto wa siku moja kinaweza kupanda kwa ubongo, na tukampoteza. Mtoto akichemka, akikataa kunyonya, akilegea, mnamleta hapa mbio, si kesho."

Perez alikuwa ameshafika hatua mbili kutoka kitandani. Akasimama. Akaweka chupa ya uji sakafuni, akaisukuma kwa mguu kuelekea kwa bintiye, na akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Mama?" Trizah alisema. "Si uje umwone."

"Naona," Perez akajibu. "Ako sawa. Naona kabisa."

Alishuka akanunua barakoa nje ya lango la hospitali, na kabla ya saa sita alikuwa Gitothua, katika duka la dawa la Kanini. Kanini ni msichana wa miaka ishirini na saba ambaye huvaa koti jeupe na hawaonei watu huruma.

"Kilianza kuwasha lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua leo ni Ijumaa."

"Ungekuja Jumanne, mama. Hii dawa ukiianza siku ya kuwasha, inasaidia sana. Ukingoja kipasuke, inafupisha siku chache tu." Kanini aliweka pakiti mezani. Iliandikwa acyclovir. "Vidonge vitano kwa siku, siku tano. Kila baada ya saa nne ukiwa macho. Maji mengi."

"Inakiua?"

"Haikiui. Inakizuia kuzaana. Kinarudi kulala ndani ya mishipa, siku nyingine ukichoka kinaamka."

"Hata nikimaliza dozi?"

"Hata ukimaliza."

Perez aliona jibu hilo ni la kweli na halikumpendeza. "Nikimeza ya kwanza leo, naweza kumshika mtoto kesho?"

"Mama, vidonge si ruhusa. Mpaka gamba lianguke na ngozi chini iwe safi. Na mikono unaosha kila mara."

Nyumbani, Perez alifungua kikaratasi cha ndani ya pakiti akakisoma kwa kidole, neno moja moja. Mstari wa tatu ulikuwa na neno herpes. Neno hilo alikuwa amelisikia mara moja maishani, katika semina ya akina mama kanisani, ambapo mwalimu mgeni alisema ni ugonjwa wa wanawake wanaotangatanga. Wote walisema amina. Perez pia alisema amina, na kwa sauti. Sasa akasoma mstari huo tena, kisha akakichoma kikaratasi pamoja na pakiti kwenye jiko la makaa, akavificha vidonge katika mkebe wa majani ya chai.

Alivimeza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Hakuruka hata kimoja.

Trizah na mumewe Mwau, kijana Mkamba anayefunga nyaya za umeme, wanakaa Ngoingwa, ghorofa ya nne. Perez alikuwa akifika pale kila asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, kwa sababu mama Mjaluo halali katika nyumba ya mkwe wake. Mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono ovyo, na mambo ya mwili hayatajwi mmoja akiwa anasikia. Mwau aliielewa heshima hiyo vizuri. Kila alipozungumza na Perez, aliangalia friji.

Perez alipika, akafua nepi, akakoroga uji, akapiga deki. Mtoto hakumshika. Alisema ana mafua.

"Mafua ya siku sita?" Trizah aliuliza siku moja, mtoto begani. "Na hupigi chafya."

"Ni ya ndani."

Trizah alimhamishia mtoto bega la pili. "Mama, niambie ukweli. Ni jina?"

Kwa desturi ya Wakamba msichana wa kwanza huchukua jina la nyanya mzaa baba. Mtoto alikuwa Mbinya kabla hajazaliwa. Perez hakuwa na neno kuhusu jina. Alikuwa nalo kidogo tu, na halikuwa na uhusiano na barakoa.

"Jina ni zuri," alisema.

"Basi mshike."

"Uji unaungua," Perez akasema, na akaenda kuangalia sufuria iliyokuwa imezimwa.

Angeweza kumwambia. Lakini Trizah angemwambia Mwau, na Perez alijiona akitembea mbele ya mkwe wake akiwa na neno lile mgongoni kama nambari ya mkimbiaji.

Jumamosi Mama Mwau alikuja kutoka shambani kwake, mashariki ya Thika, na nduguye Katunge, kuku wawili na debe la mtama. Mbinya mkubwa alikuwa anakuja kumbariki Mbinya mdogo. Kwao, nyanya humtemea mtoto mate kidogo kwenye paji la uso na kifuani, humtamkia maneno mema, humbusu, na kazi inakuwa imekwisha. Hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Mama Mwau alikuwa ameingojea tangu Mwau azaliwe, na sasa Mwau ana miaka thelathini na mmoja.

Vidonge vya Perez vilikuwa vimekwisha, lakini gamba dogo lilikuwa bado limeng'ang'ania chini ya barakoa. Alileta chai, akasimama karibu na mlango wa jikoni.

"Na huyu wa barakoa ni daktari?" Katunge aliuliza.

"Ni mama yake Trizah," Mwau akaiambia friji.

"Aa. Nilidhani amekuja kutupima."

Perez alikuwa ameona kitu. Mama Mwau alipandisha kidole gumba, akasugua kona ya mdomo. Akakishusha. Akapitisha ulimi hapo. Akanywa chai, akasugua tena. Ngozi pale ilikuwa nyekundu kidogo, nyekundu ambayo mtu mwingine asingeiona. Perez aliijua. Alikuwa ameiishi miaka arobaini.

"Mama Mwau," alisema kwa upole, "njoo jikoni kidogo unionyeshe hawa kuku."

Jikoni kuku walikuwa wamefungwa miguu na hawakuhitaji kuonyeshwa. "Mdomo unakuwasha?" Perez aliuliza.

"Ni vumbi la pikipiki."

"Umeanza lini?"

"Asubuhi. Kwani vumbi lina tarehe?"

"Usimbusu mtoto leo. Wala mate. Nakuomba. Usimbusu."

Mama Mwau alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, bila kuruka sehemu. "Mama Trizah. Wewe umekataa kumshika mtoto siku tisa, tumesikia. Sasa unataka na mimi nisimshike?"

Akarudi sebuleni. Akaketi. Akanyoosha mikono, na Trizah, akiwa na furaha kwamba angalau nyanya mmoja anamtaka mtoto, akainuka kumpa.

Ndipo Perez akapita mbio mbele ya mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama katikati ya sebule na kuvua barakoa.

Mwau aliligeukia dirisha mara moja, kwa adabu.

"Hiki ni kidonda," Perez alisema. "Mnakiona? Kilipasuka siku moja baada ya mtoto kuzaliwa. Ndiyo maana sikumshika. Muuguzi alisema kinaweza kuua mtoto mchanga. Nimemeza dawa siku tano na bado sijamgusa. Mama Mwau anaanza kutokwa na kama hiki. Leo. Usimpe mtoto, Trizah. Usimpe."

"Kidonda gani hicho?" Katunge alisogea mbele kwenye kiti.

Perez alivuta pumzi. "Kinaitwa herpes."

"Ai! Si hiyo ni ya malaya?"

"Kilianza kunitoka darasa la pili," Perez akasema. "Nilikuwa na miaka minane na sare ya shule. Huo umalaya niliufanyia wapi?"

Trizah alikuwa amemrudisha mtoto kifuani na kumkumbatia kwa mikono yote miwili. Mama Mwau bado alikuwa amenyoosha yake.

"Mimi sina kitu kama hicho," alisema. "Mwanangu, waambie."

Mwau alikuwa bado anatazama nje, mgongo kwa kila mtu. "Mama," alisema, "huwa kinakutoka kila mwaka tukivuna ndengu. Tulikuwa tunaficha kikombe chako."

"Mlikuwa mnaficha kikombe changu?"

"Baba ndiye alitwambia."

Mama Mwau alishusha mikono. Alisugua kona ya mdomo, kisha akagundua anasugua, akaacha. "Sasa jina langu litabarikiwa na nani?"

"Na wewe," Perez akasema. "Kikipona. Mtoto haendi popote."

"Nimebeba mate haya kutoka nyumbani, Mama Trizah."

"Yangojee."

Mama Mwau hakuwa mtu wa kungojea. Aliinuka, akatoka kwenye baraza ya ghorofa ya nne, akamwelekezea mjukuu uso kupitia kioo, akatamka maneno yake yote kwa Kikamba, marefu na mazuri, kisha akatema mate nje ya ukuta. Chini mtu akauliza kwa sauti ni mjinga gani huyo. Mama Mwau alirudi ndani na kufunga mlango. "Hayo ni ya muda," alisema. "Rasmi yatakuja."

Kisha akamgeukia Perez. "Hiyo dawa yako iko wapi?"

"Yangu imekwisha. Na ya mtu hapewi mtu. Twende ununue, ingali inawasha."

Walishuka pamoja, wakaingia duka la dawa la kwanza njiani. Perez ndiye aliyeongea. Alisema mgonjwa ni huyu, kimeanza asubuhi ya leo, hakijapasuka, kisha akamwuliza Mama Mwau kama ana shida ya figo au dawa nyingine anazomeza, kwa sababu alijua wangeuliza. Mama Mwau alimeza kidonge cha kwanza palepale, kwa maji ya chupa, akikunja uso kana kwamba ni Perez aliyemtengenezea.

"Tano kwa siku?" alisema. "Hata chakula sili mara tano."

"Tano. Nitakupigia."

"Usinipigie."

Perez alimpigia mara tano kwa siku, siku tano, hata wakiwa sebule moja.

Kidonda cha Mama Mwau kilitoka kidogo kikakauka upesi, na yeye akatangaza kwamba hata hakikuwa kidonda. Alibaki Ngoingwa, barakoa usoni, kwenye kiti cha mbali kabisa na mtoto, akitoa amri. Kwa siku hizo Mwau ndiye aliyemwogesha Mbinya mdogo, akiwa na nyanya wawili wenye barakoa kila upande wa sebule, wakimwambia vitu viwili tofauti kuhusu maji.

Mtoto hakuchemka. Alinyonya, alilala, alilia kwa nguvu. Perez alimpima joto kwa macho tangu asubuhi hadi saa kumi, na alipoondoka alimwachia Trizah maagizo, halafu akapiga simu kuyarudia.

Gamba lake lilianguka Jumanne. Alingoja siku mbili zaidi. Alhamisi alipitia kwa Kanini, ambaye alimulika kona ya mdomo kwa tochi ya simu na kusema, "Pamepona, mama. Nenda. Lakini kumbusu bado, mpaka akue kidogo."

Alifika Ngoingwa, akanawa mikono hadi viwiko, mara mbili, akaketi. Trizah alimpa mtoto, na mara yeye mwenyewe akaanza kulia, kwa hiyo ikabidi Perez amtazame mtoto ili asilie na yeye. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana kutoka mlangoni.

"Mshike shingo," Mama Mwau alisema kutoka kiti cha mbali.

"Nimelea watano, Mama Mwau."

"Sijauliza ni wangapi. Mshike shingo."

Perez akasogeza kiganja, akaishika shingo vizuri zaidi.