Paa Linaloinamia Ndani

Paa la nyumba yetu halipandi katikati kama mapaa mengine. Pande zake mbili zinashuka kuelekeana, kama kitabu kilichofunguliwa na kulazwa chali, na maji yote ya mvua hukusanyika katika mfereji mmoja wa zinki unaopita juu ya sebule. Nilipokuwa mtoto, barabara yetu hapa Lubumbashi ilijaa nyumba za namna hiyo, zilizojengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya wakubwa wa migodi. Baba, fundi wa reli, aliinunua yetu kwa mkubwa mmoja aliyekuwa akiondoka nchini. Sasa zimebaki tatu. Nyingine zimevishwa mabati mekundu yaliyochongoka, au zimebomolewa zikawa ghorofa.

Dada yangu mkubwa, ambaye ninaishi naye humo tangu wazazi wetu wafariki, alitaka la kwetu liondolewe pia. Kila mvua ilileta tone pale pale, juu ya meza. Mvua za mwaka jana zilipoisha, tulipatana: angenipa kiangazi kizima nilitengeneze. Mvua ya kwanza ikidondosha hata tone moja kutoka juu, fundi wa mabati ataitwa.

"Mudogo," alisema, "bale bazungu balijenga nyumba yenye kufungula mudomo. Inakunywa tu. Weye unataka kuifundisha kunyamaza?"

Ujenzi nimejifunza katika vitabu vikuukuu vinavyouzwa kando ya barabara, kwa hiyo sikuanza na nyundo. Nilipanda na ndoo, nikamwaga maji kwenye mwanzo wa mfereji, nikatazama. Yalifika katikati, yakasimama, kisha yakarudi nyuma. Tangu enzi za baba, kila palipovuja tulipaka gudron, lami nyeusi ya kuyeyushwa motoni. Tabaka juu ya tabaka, tulikuwa tumejenga kilima ndani ya mfereji. Paa lilizibwa na matengenezo yetu wenyewe. Nadhani wengi katika barabara hii walifanya vivyo hivyo, kisha wakamlaumu aliyelichora.

Kiangazi chote nilikwangua. Chini ya lami zinki ilikuwa nzima, isipokuwa ufa mmoja, nikaulehemu.

Kisha joto la kabla ya mvua likaja, na vumbi jekundu, na sikuweza kutulia. Niliacha sahani mezani nikapanda kuokota majani. Wingu likionekana upande wa Kipushi, nilitoka uani, nikarudi, nikatoka tena.

Mvua ilishuka Jumapili, tulipokuwa tumetoka misani. Nilimkuta dada ameondoa kitambaa cha meza na kuweka beseni mahali pake.

"Kitambaa njo cha mama," alisema, kana kwamba tulikuwa tumewekeana dau. "Miye sipigi pari na kitu ya mama."

Tuliketi tukitazama dari. Upepo ukageuka, na maji yakapenya kwenye klostra, ule ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu, yakasambaa sakafuni.

"Na hii?"

"Ile inatoka ku upande, yaya," nilimwambia dada. "Tulisema juu."

"Avoka," alinibeza, kana kwamba nilikuwa wakili mahakamani.

Lakini alikuwa amekwisha kusimama. Bila kuangalia alivuta kiti cha baba mbali na ukuta, kisha chake, kisha akanigusa bega niinuke avute changu. Mama alifanya hivyo kila mvua, kwa mpangilio huo huo. Akaketi, akainua macho tena.

Mvua ilipokatika, beseni lilikuwa kavu. Nikanyoosha mkono kuliondoa.

"Acha. Hii mvua ilikuwa ya kufagia mavumbi. Yenyewe ingali nyuma."

"Tulisema mvua ya kwanza."

"Njo nimekubali. Fundi sitamuita. Lakini beseni ibakie."

Mvua kubwa zimekuja, na beseni bado liko pale, tunakula tukilizunguka. Ngurumo ikisikika kijiko changu husimama, na nimeona cha dada pia husimama. Jana hata ngurumo haikuwapo, ni upepo tu, naye akaniita kutoka jikoni:

"Mudogo, majani ya mu mfereji, uliondosha?"