Dakika Nilizomnyima Upendo

Siku ile ya Mbeya naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo unanichemka. Wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mafinga kutoka Dar es Salaam, ambako kwa miaka tisa nililipwa kucheza mpira wa kikapu wa wanawake. Goti lilichoka, timu ikaniaga, nami nikaamua kuwafundisha mabinti wa kwetu. Uwanja ulikuwa saruji iliyopasuka, na mbao za magoli tulichongewa na mafundi wa misonobari. Lakini mabinti walijituma! Kati yao alikuwemo Upendo, mtoto wa Mgololo aliyekuwa akisoma Mafinga na kuishi kwa shangazi yake. Mwaka mzima alikuwa wa kwanza kufika mazoezini, kwenye ukungu ule wa asubuhi unaouma masikio.

Tukaalikwa kwenye mashindano Mbeya. Sheria zao hazikumkataza kocha kucheza, basi nikajiandikisha na mimi. Nilijidanganya kwamba nitaingia tukizidiwa tu. Tulipofika fainali nikamwambia Upendo, "Keshokutwa unaanza wewe. Mwite mama aje akuone."

Mama akaja. Alisafiri siku nzima, akalala kwa ndugu, asubuhi akawa jukwaani.

Na aliyeanza fainali ni nani? Mimi! Watu walinikumbuka, wakaanza kuliita jina langu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililimwagia maji ndoo nzima. Nilifunga, wakashangilia, nikasahau kabisa kwamba nina benchi. Robo ya tatu Upendo alisimama, akavua sweta, akanitazama. Nikamwonyesha kwa mkono akae.

Tukashinda. Nilibebwa juu juu, mtu mzima na goti lake bovu!

Nikiwa bado nacheka na watu, mama yake Upendo akanifuata. Mwanamke mfupi, kitenge begani. "Kamwene, kocha," alinisalimu kwa heshima ya kwetu. Nikadhani amekuja kunipongeza.

"Wewe mechi za kwako hukuzicheza zikaisha?" akaniuliza.

"Mama, tulikuwa tunautaka ushindi..."

"Aliyeutaka ni nani? Mwanangu amekaa pale na jezi kavu. Sikutoka Mgololo kuja kukutazama wewe. Ungenieleza ukweli, ningebaki nipalilie mahindi yangu."

Alimshika binti yake mkono, wakaondoka.

Wiki iliyofuata Upendo hakuonekana mazoezini. Nikamfuata kwa shangazi yake, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Nimekusamehe, kocha. Lakini kucheza sitacheza tena." Nikambembeleza, wapi! Leo ni muuguzi Iringa, na tukikutana hunisalimu vizuri tu. Msamaha niliupata, mchezaji nilimpoteza, tena kwa tamaa yangu. Tangu siku ile sijavaa jezi.

Sasa kinachonikera ni hiki. Juzi hapo Iringa mjini nimemwona kocha mmoja, kijana mwenye nguvu zake, akicheza mchezo mzima huku watoto aliokabidhiwa wanatetemeka kwa baridi benchini. Wazazi wanapiga makofi! Wakubwa wanamvisha medali! Nikainuka nikamwambia pale pale kwamba anawaibia watoto. Wakanicheka, eti huyu mama ana wivu. Wivu? Nina wivu wa kuona kosa langu linapewa medali?

Mwanangu, sikiliza. Siku utakayokabidhiwa watoto, ujue zamu yako imepita. Ukubwa ni jalala: utatupiwa lawama za kushindwa, na sifa za kushinda utawaachia wao. Ukimwahidi mtoto nafasi, mpe, hata kama mtafungwa. Kombe litapauka kabatini, lakini mtoto uliyemvunja moyo mbele ya mama yake atakua na jeraha hilo, na maji yakimwagika hayazoleki. Kama bado una hamu ya kucheza, cheza, si dhambi; ila usijiite kocha.

Mungu akupe miguu myepesi zamu yako ikiwepo. Na ikiisha, akujalie moyo wa kukaa chini na kuwashangilia wenzako mpaka sauti ikauke. Amina.