Ziwa la Kuazima

Mama fundi cherehani, jirani yetu hapa mtaani Ngagara, hupima kwa kiganja. Akija mwanamke aliyekatwa ziwa, fundi hulishika lile lililobaki bila kuomba ruhusa, akalipima uzito kama anayechagua parachichi sokoni. Kisha hujaza kifuko laini kwa pamba na mtama kidogo, kisirukeruke. Hucheka pini zikiwa mdomoni, na bado hajameza hata moja.

Juzi alikuja Dévote, aliyeacha kwenda kanisani tangu upasuaji. "Mama, mi naona haya. Watu watajua ni ya uongo."

Fundi alitia mkono ndani ya blauzi yake mwenyewe, akachomoa ziwa la pamba, akamrushia. Dévote alilidaka. Lilikuwa na joto bado.

"Na we pia?"

"Ziwa moja daktari alikata. Nimebakia na ingine, na Tanganyika. Vaa hiyo, nikushonee yako."

Padiri akapita barabarani. Fundi alitoka kumsalimu, upande mmoja wa kifua ukiwa bapa kama meza. Padiri alikodoa macho.

"Usitafute, Padiri. Ingine nimeazimisha mutu."

Ndani, Dévote alicheka hadi akakaa chini.