Kofia ya Karatasi

Enzi ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, nilikuwa mwalimu katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Nilitunga mchezo mfupi kuhusu nchi yetu tukishajitawala, tukaucheza Jumapili mchana mbele ya wachumaji, mzungu wa shamba akiwa ameenda Nairobi. Mwalimu mwenzangu alivaa kofia ya karatasi, akawa askari asiyejua kwamba serikali imebadilika. Alitakiwa kupiga kelele, "Toa kipande!" yaani kile kitambulisho ambacho mkoloni alimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kukibeba, nami nimjibu, "Hapa mtu haulizwi kipande kwao."

Alipopiga kelele, wanaume wote waliokuwa wakitazama walichuchumaa, mkono mmoja kichwani, mwingine umeinua kipande. Baba yangu alikuwa mbele kabisa, macho chini, kama kwenye msako.

"Baba, ni mchezo tu!" nikamwambia.

"Chuchumaa," akaninong'oneza. "Watakupiga."

Mwenzangu alisimama pale na kofia yake, akingoja jibu langu. Nililijua neno kwa neno, maana nililiandika mwenyewe. Hasira zilinipanda, lakini sikujua nimkasirikie nani. Nikachuchumaa kando ya baba, nikatoa kipande changu.