Taa Zikizimika, Vuta

Miaka ya tisini pale Mlimba, mzee mmoja Msukuma aliuza ng'ombe wake karibu wote akanunua jenereta la kuendeshea mashine ya kukoboa mpunga. Alilifunika blanketi zuri kuliko lake mwenyewe. Tatizo, mota ya mashine ilikuwa kubwa kama kichwa cha treni: ikiwashwa tu, jenereta linakohoa, linazima. Mpunga wa bonde zima, naapa, ulilala uani kwake ukingoja.

Mimi nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya umeme kule Ifakara, kwa hiyo nilijua kila kitu duniani. Nikashauri tuliunganishe na jenereta la jirani yake Mpogoro, mpasua mbao. Anayezidiwa achukue umeme kwa mwenzake.

Lakini majenereta hayaunganishwi kienyeji. Lazima yaende pamoja, kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Mapigo yakikosana, michi inagongana. Nikafunga taa katikati ya majenereta hayo mawili. Zikiwaka, bado yanagombana. Zikizimika, yamepatana; hapo ndipo unavuta swichi. Ukivuta zikiwa bado zinawaka, shafti ya jenereta inakatika na ng'ombe wa mzee wamekufa mara ya pili.

"Nitavuta mwenyewe," mzee akasema. "Mali yangu hiyo."

Tukawasha. Taa zikawa zinawaka polepole, zinazimika polepole. Sasa nani aliwahi kushangilia taa kuzimika? Zikiwaka, wenye mpunga waliojaa uani vigelegele. Zikizimika, "Aaah!", kama mpira umegonga mwamba.

"Vuta, mzee!" jirani akamtania. "Au unangoja zishikwe na ndorobo kama ng'ombe?"

Taa zikawaka pwaa. Vigelegele. Mzee, kwa raha ya kushangiliwa, akaanza kuvuta. Nikamdaka mkono.

Kijana hamkamati mzee hivyo.

"Unanishika mimi?"

"Shikamoo, baba," nikasema, sijamwachia.

Akanitazama. Alikuwa na mengi ya kuniambia, lakini shikamoo haiachwi hewani, hata na mtu mwenye hasira.

"Marahaba," akasema, kwa kuivuta.

Taa zikafifia. Zikazimika.

"Sasa, baba!"

Akavuta. Majenereta yakanguruma kwa sauti moja, mota ikazunguka, mchele ukaanza kumwagika. Mzee hakuutazama. Alilizunguka jenereta lake, akalipapasa ubavuni, akainama kusikiliza shafti. Haikuwa na kasoro.

"Kesho," akaniambia, "salamu uje nayo mapema."