Mikoba ya Shanga ya Mama Mkubwa

Fundi hajawahi kuona uzi unaning'inia akaupita. Hata msibani, mbele ya watu wazima na akili zao, aliwahi kuinama akakata kwa meno uzi wa koti la mtu asiyemjua.

Ugonjwa huo ndio uliomponza. Mama mkubwa, aliyemlea na kumfundisha kushika sindano, alifariki akaacha mikoba minne ya shanga, ya tangu enzi za ujana wake. Wa kugawana walikuwa wawili tu: fundi, na binti wa kumzaa wa marehemu, ambaye mpaka leo, pamoja na mvi zake, anaitwa Kitinda. Walikubaliana wakutane kwa fundi, waamue upi uende wapi.

Asubuhi ya siku hiyo fundi aliipanga mezani, kando ya cherehani, akaipangusa vumbi. Ule wa buluu ulikuwa na uzi unachungulia kwenye kona ya chini. Mkono ukatangulia, akili ikafuata. Kacha! Shanga zikamwagika sakafuni kama mchele wa gunia lililotoboka.

Na wala asingeweza kusema hakujua. Mama mkubwa aliishona upya mikoba yake, kila mmoja kwa uzi mmoja mrefu, na ncha aliiacha nje makusudi, ili shanga zikilegea avute kidogo, akaze. Alimwonya mara ngapi? "Huo mkia usiuguse, wewe mwenye mkasi wa haraka!"

Akapiga magoti, akazoa. Alipojaribu kuzitunga, yale maua ya shanga ya mkobani hayakumjia akilini hata moja. Mlango ukagongwa. Akazisukumia zote, pamoja na mkoba wenyewe, chini ya vitambaa vya wateja, akaenda kufungua, meno nje.

"Wewe ndiye wa kupata mingi, dada," Kitinda alisema hata kabla ya kukaa. "Wewe ndiye uliyemuuguza mama. Mimi nilikuwa mbali, kazi yangu simu tu. Nataka ule wa buluu tu, mingine yote chukua." Akatazama mezani. "Mbona haupo?"

"Labda mama alimpa mtu."

Uongo ulimtoka kirahisi mpaka ukamtisha mwenyewe.

Kitinda akakaa taratibu. Hakulalamika. "Aliniambia ananiwekea," akasema. "Kila nikipiga simu: wa buluu ni wako. Basi labda alichoka kunisubiri. Na mimi nilikawia kweli."

Fundi aliona aibu, aibu ya kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Alidhani anauficha mkasi wake, kumbe amemtwika marehemu kosa lake, mama wa watu ambaye hana tena mdomo wa kujitetea.

"Hakumpa mtu," akasema. "Ulikuwepo hapa leo asubuhi. Nimeukata uzi wake mimi, na mama alinikataza. Halafu nikakudanganya. Nitukane, mdogo wangu, nastahili."

Akainamisha kichwa, akangoja. Kitinda alimshika mkono, akauminya.

"Kwa hiyo aliniwekea?"

"Alikuwekea. Mpaka mwisho."

Kitinda akaanza kulia, analia huku anacheka, kamasi na machozi havina mipaka. "Asante, dada," akasema. "Asante sana."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Asante ile hakujua aiweke wapi.